Chupa ya Nyumbani na Chupa ya Ofisini

Ukinunua karanga za kukaanga kituoni, muuzaji hakumiminii mkononi. Anachomoa kipande cha karatasi, anakisokota kiwe na ncha, anajaza karanga, anakunja juu, anakukabidhi huku daladala ikianza kuondoka. Ukimaliza kula, usiitupe karatasi hiyo. Ikunjue uisome. Huenda ni ukurasa wa daftari la shule, una hesabu za kugawanya na alama nyekundu za mwalimu. Huenda ni karatasi ya ofisi: nusu ya barua yenye "YAH:" iliyopigiwa mstari, au jedwali la bei za vifaa vya mwaka juzi, lenye mhuri wa bluu pembeni.

Karatasi hiyo ilianzia mezani kwa mtu. Iliandikwa, ikagongwa mhuri, ikawekwa kwenye faili, ikazeeka. Siku moja kabati likasafishwa, mtu akabeba mafungu ya karatasi kuukuu akayauza kwa kilo, na muuza karanga akanunua fungu lake sokoni. Sasa imo mkononi mwako, na pengine itafika hadi nyumbani kwenu ndani ya mfuko wa sare ya shule. (Kwa karanga kavu si neno kubwa. Ila mafuta hunyonya wino, kwa hiyo andazi la moto lisifungwe kwenye karatasi iliyochapwa. Nenda na chombo chako, mama wa maandazi atakuwekea humo.)

Wanangu, leo nataka kuwasimulia habari ya vitu vinavyohama hivyo kati ya kazini na nyumbani, na habari ya tabia, ambayo mara nyingi haihami. Chupa huweza kutoka mjini ikafika Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, jioni ileile. Tabia ya kuitunza chupa hiyo huweza kukaa Mbagala miaka 20 isifike mjini hata siku moja.

Yuko mama mmoja anaishi hukohuko Mbagala. Nimemtunga mwenyewe, lakini mkimtafuta mtampata, maana kila mtaa unaye. Ingieni kwake mwone. Pale mlangoni kuna dumu la njano la lita 20. Lilikuja mjini likiwa na mafuta ya kupikia, likakaa dukani mpaka mafuta yakaisha, mama akalinunua likiwa tupu, akalisugua kwa mchanga na sabuni, sasa ni la maji. Mwenzake aliyepasuka ubavuni hakutupwa: alikatwa katikati, akajazwa udongo, na mchicha umeota humo. Ndani, kopo la maziwa ya unga ndilo kipimo cha mchele. Chupa ya jamu ina pilipili ya kusaga. Kiroba cha unga kimegeuka mfuko wa mkaa. Na khanga, wanangu, khanga ya mama huyu ina maisha marefu kuliko vyombo vyote. Ilianza kuwa ya kutokea harusini. Rangi ilipofifia ikawa ya jikoni. Ilipochanika ikawa ya kubebea mtoto, kisha ikapasuliwa vipande vya kushikia sufuria, na kipande cha mwisho kabisa sasa ni tambara la kudekia. Ukimwambia mama huyu kwamba kuna wataalamu wanafundisha watu kutumia kitu tena na tena, atakuuliza: kwani nyie mlikuwa mnafanyaje?

Mama huyu ameajiriwa. Asubuhi anapanda gari hadi Posta, katikati ya jiji, anafanya kazi masijala, kule faili zinakotunzwa. Siku moja, likizo ya mwezi wa sita, akamchukua mwanawe wa darasa la sita aende naye kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kukaa naye. Kijana akaingia na adabu zake. Akamwona mama anayefanya usafi akipanguza korido, akamwamkia: "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusaidia kazi?" Akacheka, akapita.

Saa sita mchana kijana akaona jambo. Mama yake alimaliza chupa ya maji, akaifunga kizibo, akaitupa kwenye ndoo ya taka chini ya meza bila hata kuangalia inakoangukia. Humo ndani mlikuwa na karatasi zilizochapwa upande mmoja tu, maganda ya chungwa, kikombe cha plastiki na mfuko wa chipsi uliokuwa bado na tomato. Vyote pamoja, ndani ya mfuko mmoja mweusi.

"Mama, ile chupa?"

"Ipi?"

"Uliyotupa. Nyumbani ungeniambia niioshe."

Mama akainua macho kutoka kwenye faili. "Hiyo ya ofisini, baba."

Akaendelea na kazi. Kijana akabaki anaitazama ndoo.

Sitaki mmhukumu mama huyu. Si mchafu, si mvivu, wala hana nyuso mbili. Mkono uliotupa chupa ndio uleule uliolisugua dumu kwa mchanga. Kilichobadilika ni mahali.

Mwaka 2002, huko Marekani, mwanasaikolojia aitwaye Wendy Wood na wenzake walichapisha utafiti juu ya tabia. Waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike kila saa, wakishtuliwa na kengele, wanafanya nini na wanawaza nini. Walipojumlisha, waliona kwamba vitendo karibu 43 katika kila 100 vilikuwa vya mazoea: mtu anavifanya karibu kila siku, na kwa kawaida mahali palepale. Na mara nyingi alipokuwa akivifanya, akili yake ilikuwa inawaza jambo jingine kabisa. Mkono unafanya, kichwa kiko mbali.

Basi fikirini. Kama mkono unafanya bila kichwa, ni nini kinauongoza? Mahali ndipo panapouongoza. Jikoni kwa mama wa Mbagala, chupa tupu ikishikwa, macho yanakutana na beseni la vyombo, rafu yenye chupa wenzake, na mtoto wa kutumwa kuiosha. Ofisini, chupa ileile ikishikwa, macho yanakutana na ndoo moja chini ya meza. Mkono unafuata macho. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa bingwa wa kutunza vitu nyumbani kwake kwa miaka mingi, na kazini asimalize hata wiki moja akitenganisha karatasi na maganda.

Kuna jambo la pili. Nyumbani, mama ndiye mwenye chupa na ndiye mwenye faida. Akiitunza, kesho haendi kununua ya kuwekea juisi ya ukwaju. Ofisini chupa haina mwenyewe. Mama wa usafi ataibeba, lori litaibeba, na mahali itakapofikia mama wa masijala hajawahi kupaona. Kitu kisicho na mwenyewe wala mwisho unaouona ni rahisi sana kukiacha.

Kuhusu macho na mkono, kuna jaribio moja nalipenda kwa sababu ni dogo na halikuhitaji fedha nyingi. Lilifanywa katika ofisi moja Marekani na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1994. Ofisi ilikuwa na wafanyakazi 25. Kwanza waliandikiwa waraka: jamani, karatasi zilizotumika ziwekwe kwenye chombo cha pamoja, kile pale. Waraka ulisomwa. Kati ya karatasi 100 zilizofaa kurejelezwa, 28 tu zilifika kwenye chombo hicho. Nyingine zikaendelea kwenda kwenye taka. Kisha watafiti wakafanya jambo dogo tu. Waliweka kijisanduku juu ya meza ya kila mtu. Watu walewale, ofisi ileile. Karatasi zilizotunzwa zikapanda hadi kati ya 85 na 94 katika kila 100, na miezi 7 baadaye hali ilikuwa bado nzuri vilevile.

Hawakuhubiriwa kuhusu misitu. Hawakutishwa. Kilichopungua ni hatua chache za kutembea.

Jaribio la pili lilifanywa Uholanzi, katika kampuni ya simu, na Rob Holland na wenzake walilichapisha mwaka 2006. Pale wafanyakazi walikuwa wanatupa karatasi na vikombe vya plastiki kwenye ndoo zao za kawaida. Baadhi yao waliombwa waandike kwa mkono wao wenyewe: ni lini, wapi na kwa namna gani nitaweka kikombe changu na karatasi zangu panapostahili. Ni sentensi chache tu kwenye karatasi. Vikombe na karatasi kwenye ndoo zao zikapungua sana, na watafiti waliporudi miezi 2 baadaye waliona zoea jipya bado lipo. Kuandika "nikimaliza chai nitapitia kwenye sanduku lililo karibu na mlango" kulikuwa kumeufundisha mkono njia, kabla ya siku yenyewe kufika.

Sasa turudi kwenye ndoo ya masijala. Yule kijana hakuondoka pale. Mama wa usafi alipokuja kuchukua mfuko mweusi, akamfuata hadi uani. Huko akaona kazi ambayo wengi wa ghorofani hawajawahi kuiona. Mama yule alivaa glavu, akafungua mfuko, akaanza kuchambua: chupa huku, maboksi huku, makopo ya soda kule. Chupa zilizojaa maji alizimwaga. Karatasi alizigusa moja moja, na nyingi akazirudisha kwenye taka.

"Mama, hizo karatasi mbona unazitupa?"

"Angalia hii." Akamwonyesha. Ilikuwa imeloa maji ya chungwa na tomato. "Ikiwa kavu, mnunuzi anaichukua. Ikishalowa hivi, haitaki. Asubuhi karatasi zilikuwa nzima zote. Ni yale maganda yaliyoziharibu."

Hapo, wanangu, ndipo penye kiini cha mambo ya taka, na ningependa mpakumbuke kuliko zile asilimia. Kitu huwa taka pale kinapochanganywa. Karatasi kavu peke yake ni bidhaa. Maganda peke yake ni chakula cha mbuzi au mbolea ya mchicha. Ukiviweka pamoja kwa saa tatu tu, umepoteza vyote viwili.

Chupa nazo zina elimu yake. Geuzeni chupa ya maji, tazameni chini: kuna pembetatu ndogo yenye namba 1 ndani. Namba hiyo inataja aina ya plastiki. Kizibo chake ni plastiki nyingine, kwa kawaida namba 2 au 5. Msidanganywe na pembetatu mkadhani ni ahadi kwamba chupa hiyo itarejelezwa; inasema tu imetengenezwa kwa kitu gani. Mnaweza kujaribu wenyewe. Mwombe mkubwa akukatie kwa kisu kipande cha chupa na kipande cha kizibo, utumbukize vyote kwenye ndoo ya maji na kuvizamisha kwa kidole. Kizibo kitaibuka. Kipande cha chupa kitazama. Viwanda vinatumia ujanja huohuo: chupa husagwa kuwa chenga, zikaoshwa kwenye matangi ya maji, chenga za vizibo zikaelea na kukusanywa juu, za chupa zikabaki chini. Zile za chini huyeyushwa na kuwa nyuzi za kutengenezea vitambaa na vijazio vya mito, au kanda ngumu za kufungia mizigo. Kopo la soda la alumini lina thamani kubwa zaidi, kwa sababu kuliyeyusha kunaokoa karibu asilimia 95 ya nishati ambayo ingehitajika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye mawe yake. Mafundi wetu wanayeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu za mchanga, na sufuria inatoka.

Na kile ambacho mama wa usafi hakukiokoa? Kinapandishwa kwenye lori. Kwa Dar es Salaam safari hiyo leo inaishia Pugu Kinyamwezi, pembezoni mwa jiji. Zamani iliishia Tabata. Wakazi wa Tabata waliishi na moshi, harufu na nzi wa dampo la jiji, wakachoka, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988, na mahakama ikawapa haki. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, zaidi ya 700, wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Someni habari hiyo polepole mwone inachosema: kila mara watu waliposhinda, taka hazikupungua hata gunia moja. Zilihamia kwa jirani mwingine. Ndoo iliyo chini ya meza ya masijala ni mwanzo wa barabara hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nyumbani na kazini wapi wanajua zaidi, namjibu kwamba kila upande una elimu yake. Nyumbani kuna vitu vya kila namna, kila namna kidogo: chupa moja, kopo moja, kiroba kimoja. Huwezi kumwita mnunuzi na mizani yake kwa chupa moja. Ndiyo maana nyumbani tumekuwa mabingwa wa kukitumia kitu tena. Kazini ni kinyume. Kuna aina chache za vitu, lakini kila aina ni nyingi: masijala inatoa karatasi kwa magunia, hoteli inatoa chupa, duka la jumla linatoa maboksi. Huko ndiko inakofaa kutenga na kuuza kwa kilo. Mama wa Mbagala alikuwa anajua kutunza lakini hakujua kutenga. Kwake, maganda, majivu na vifungashio vililala kwenye shimo moja nyuma ya nyumba, na jioni vilichomwa moto, plastiki ikiwemo. Moshi ule ni sumu kwa vifua vya watoto, na ulikuwa ukiingia dirishani mwa jirani.

Kuna kazi ambazo ukuta kati ya nyumbani na kazini haupo kabisa. Mama lishe anapika mbele ya nyumba yake. Maganda ya ndizi anayoyamenya saa kumi na moja alfajiri yanakwenda kwa mbuzi wa nyumba ya pili kabla jua halijawa kali, na dumu la mafuta likiisha linaingia ndani. Fundi cherehani haweki mabaki ya vitambaa kwenye taka: anayashindilia kwenye foronya, unapata mto. Fundi wa katambuga anachukua tairi ambalo gereji imelikataa, analikata kwa kisu kilicholowekwa maji, unapata kiatu kinachovuka masika kadhaa. Hao hawahitaji waraka wala jaribio la Uholanzi. Kitu kikiwa mkononi mwao, wanaona kinapotoka na wanaona kinapokwenda, na shilingi yake inaingia mfuko uleule. Nionavyo, ofisi kubwa zingejifunza zaidi kwenye kibanda cha fundi cherehani kuliko kwenye mabango ya ukutani.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana si kila kitu cha kazini kinafaa kuletwa nyumbani. Mkulima au kibarua wa shamba anamaliza dumu la dawa ya wadudu. Dumu ni zuri, gumu, lina mpini. Mazoea ya nyumbani yanamwambia: osha, utie maji. Asifanye hivyo kamwe. Dawa hupenya kwenye plastiki yenyewe, na hata ukiosha mara nyingi haitoki yote. Kinachotakiwa ni kulisuuza mara 3 shambani, maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye bomba la kupulizia yatumike kwenye mimea, kisha dumu litobolewe ili pasitokee mtu wa kulibeba. Vivyo hivyo betri ya gari: ndani yake mna madini ya risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto. Haifunguliwi nyumbani, haiyeyushwi uani. Mkiona mkubwa anafanya hivyo, si utovu wa adabu kumwambia. Mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni.

Mara nyingine sheria ndiyo inayovusha tabia. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Ninyi wadogo huenda hamkumbuki mifuko ya rambo ilivyokuwa ikining'inia kwenye miba na kuziba mitaro. Sheria ile ilimkuta muuzaji akiwa kazini na mnunuzi akiwa njiani kurudi nyumbani, ikawabadilisha wote wawili asubuhi moja. Kikapu cha ukindu kikatoka darini, kikarudi sokoni. Kilichorahisisha ni kwamba mahali pote palibadilika kwa pamoja, hivyo mkono haukuwa na pa kurudia mazoea ya zamani. Lakini sheria ya mifuko haikugusa ndoo ya masijala. Ndoo hiyo ilimsubiri mtu.

Jioni ile, kwenye gari la kurudi Mbagala, kijana akamweleza mama yake alichokiona uani: glavu, karatasi zilizolowa, na yule mama aliyemwamkia asubuhi akiwa ameinama kwenye mfuko. Hakumlaumu. Alisimulia tu. Mama akanyamaza mpaka kituo cha Mtoni, kisha akauliza, "Anazichambua mwenyewe zote?"

"Zote, mama."

Kesho yake mama akachukua boksi tupu la karatasi za kuchapia, akaliweka mezani, mkono wa kulia, mahali ambapo hawezi kulikosa. La karatasi kavu. Akazungumza na mama wa usafi, akaambiwa chupa zimwagwe maji, ziminywe, zifungwe kizibo, ziachwe kwenye kiroba nyuma ya mlango. Maganda yakae peke yake. Pesa za kilo zibaki kwa anayechambua, mama wa masijala ndiye aliyelisema hilo mwenyewe. Baada ya muda mwenzake wa meza ya pili akaomba boksi. Wa tatu hakuomba, akawa anatumia la wenzake. Wawili walikataa na kuendelea kama zamani, na maboksi yakafanya kazi hivyohivyo bila wao.

Nyumbani nako kukabadilika, na mwanzo wake ulitoka ofisini. Shimo la nyuma likagawanywa: maganda upande mmoja, yanafukiwa na majivu na udongo, yanaoza na kuwa mbolea ya ule mchicha wa kwenye dumu. Plastiki haichomwi tena. Inakusanywa kwenye kiroba pamoja na ya majirani wawili, kwa sababu mama ameshaelewa kwamba mnunuzi anataka wingi. Alikuwa na jaribu moja: siku akichoka, kujiambia kwamba ofisini ameshatenga vya kutosha, hapa apumzike. Jaribu hilo humpata kila mtu aliyefanya jema mahali pamoja. Kijana ndiye aliyekuwa akimkumbusha, na siku nyingine mama ndiye aliyemkumbusha kijana.

Ninyi bado hamna ofisi, lakini mna darasa, nalo ni mahali pa kazi kamili: lina karatasi nyingi, chupa nyingi, na ndoo moja. Chukueni kipande cha karatasi mwandike sentensi moja ya namna ile ya Uholanzi, yenye saa, mahali na kitendo: "Kengele ya mapumziko ikilia, chupa yangu nitaimwaga kwenye ua lile, nitaiminya, nitaiweka kwenye kiroba cha nyuma ya mlango." Kisha mtafuteni anayebeba ndoo ya darasa lenu. Msalimieni kwanza. Mwulizeni ni kitu gani humo ndani kinanunuliwa, na ni kitu gani kinachokiharibu kabla hajakifikia. Majibu yake yatakuwa ya mtaa wenu, maana mnunuzi wa Tanga hataki vilevile anavyotaka wa Mwanza, na kiroba chenu kipangeni kwa kufuata majibu hayo.